AJALI HII INA KINGA

Kuna msemo uliozoeleka midomoni mwetu, usemao kwamba ajali haina kinga. Msemo huu husemwa kwa nia njema, ili kumfariji aliyefikwa na msiba asijilaumu bure. Lakini uko wakati ambapo maneno ya faraja hugeuzwa kuwa pazia la kufunika uzembe. Mtu akiuawa na chombo kilichopitwa na tarehe ya kukaguliwa, wenye chombo huinamisha vichwa, husema ajali haina kinga, hutoa ubani, na kesho yake kazi huendelea kama jana. Leo twataka kusema juu ya ajali ya namna moja ambayo kinga inayo, tena kinga yake imegongwa kwa tarakimu juu ya bega la chombo chenyewe, mahali ambapo kila mwenye macho aweza kuisoma. Twasema juu ya mitungi ya hewa na gesi iliyobanwa, itumiwayo katika mchezo wa bunduki za rangi, ujulikanao kwa jina la peintiboli.

Baadhi ya ndugu zetu watauliza: Gazeti la wafanyakazi lahusika nini na mchezo wa watu wenye nafasi? Ni swali la haki, na jibu lake ni fupi. Mchezaji hulipa kiingilio, hucheza kwa saa mbili tatu, kisha hurudi kwake. Yuko mwingine ambaye hakulipa kiingilio wala hakucheza. Huyo husimama penye kompresa tangu asubuhi hata jioni, hupokea mitungi mitupu na kurudisha iliyojaa, mmoja baada ya mwingine. Mchezaji hukaa na mtungi mmoja kwa muda mfupi. Mjazaji hupitiwa na mitungi yote, mizima na mibovu, katika saa ile ile ambayo presha yapanda. Huyo ni mfanyakazi, na jambo lake ni letu.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Ulianza nchini Marekani tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, watu kumi na wawili walipoingia porini kuwindana kwa bunduki za rangi. Bunduki zile hazikutengenezwa kwa mchezo. Zilikuwa za mabwana misitu kutia alama miti, na za wafugaji kutia alama ng'ombe. Risasi yake ni kitufe kidogo chenye rangi ndani, nacho hupasuka kikimpiga mtu na kumwachia doa. Tangu siku ile mchezo umeenea duniani, hata Nairobi wachezwa. Ni mchezo wa vijana, wa vilabu, na wa makampuni yatakayo watumishi wao wajifunze kushirikiana. Hatuna ugomvi nao.

Bunduki hizo hazitumii baruti. Zatumia nguvu ya gesi. Hapo mwanzo ilikuwa gesi ya kaboni daioksaidi, ile ile itiwayo katika soda ili itoe povu. Baadaye ikaja hewa ya kawaida, hii tuivutayo puani, iliyobanwa kwa kompresa mpaka ikajaa katika mtungi mdogo uwezao kushikwa kwa mkono mmoja. Na hapa ndipo udanganyifu wa macho unapoanza. Mtu akiambiwa kwamba ndani ya mtungi mna hewa tu, moyo wake hutulia. Hewa haiwaki kama petroli, hainuki kama gesi ya kupikia, wala haina sumu. Kwa hiyo huitupa mitungi nyuma ya gari, huigonganisha, huiacha juani, akiidhani ni chupa za maji.

Basi tutazame hesabu. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa ratili zipatazo 32 kwa kila inchi ya mraba, na kila aliyepata kuona gurudumu likipasuka ajua kishindo chake. Mtungi wa peintiboli wa alumini hujazwa ratili 3,000 kwa kila inchi ya mraba. Mtungi uliovikwa nyuzi za kaboni hujazwa ratili 4,500, yaani kama mara 140 ya gurudumu lile. Chukua mtungi wa kaboni wenye ujazo wa lita moja na kidogo. Kwa hesabu ya fizikia, hewa iliyomo ikifunguka kwa ghafla hutoa nguvu ya kilojuli zaidi ya 60, nayo yatosha kuinua gari la tani moja mpaka kimo cha mita sita. Nguvu hiyo ikitoka polepole kwa njia yake, yarusha vitufe vya rangi mia kwa mia. Ikitoka mara moja kwa njia isiyo yake, mtungi wageuka kombora.

Tusiwatishe watu bure. Mtungi uliotengenezwa vema, ukatunzwa vema na kukaguliwa kwa wakati ni chombo cha kuaminika, na mamilioni ya mitungi ya namna hiyo imejazwa na kumalizwa pasipo mtu kuumia. Wazima moto huibeba mgongoni wakiingia katika moshi, na wazamiaji wa Unguja na Diani hushuka nayo chini ya bahari. Ni kweli pia kwamba madhara mengi ya peintiboli yametokea machoni, kwa watu waliovua kinyago uwanjani, na kwa hiyo viwanja vingi husisitiza kinyago. Ni jambo jema. Lakini jicho lilindwe na shingo ya mtungi isahauliwe? Kinyago kilichotengenezwa kuzuia kitufe cha rangi hakitazuia mtungi wa chuma.

Mtungi huu huua kwa njia zipi? Njia ya kwanza ni ya hesi. Mtungi una vali shingoni, imefungwa kwa hesi, na vali hiyo nayo hufungwa katika bunduki kwa hesi nyingine. Ziko basi hesi mbili, na zote mbili hufunguka kwa kuzungusha upande ule ule. Mchezaji akitaka kuutoa mtungi katika bunduki huuzungusha, akiamini kwamba vali inatoka pamoja na mtungi. Lakini ikiwa vali ililegea zamani, au ilifunguliwa na asiye fundi kisha ikarudishwa bila kukazwa inavyopasa, vali hubaki imeng'ang'ania bunduki na mtungi ndio uzungukao. Yeye haoni tofauti. Mkono wake wasikia kitu kinafunguka, naye huendelea kuzungusha. Hesi ya mwisho ikiachia, gesi yote hutoka kwa nyuma kwa mara moja, na mtungi huruka kama fataki.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2004 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji iliwaonya watu juu ya jambo hili hili, baada ya watu wawili kuuawa na mitungi ya gesi ya kaboni iliyoachana na vali zake. Mmoja wao hakuwa mchezaji. Alikuwa mama aliyekuja kumtazama mwanawe akicheza katika sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mama yule hakushika bunduki, hakufungua hesi, hakuvunja amri yoyote ya uwanja. Alikuwa amesimama tu. Je, kwa mama huyo nako tuseme ajali haina kinga?

Kinga ilikuwapo, tena bei yake ni ndogo kuliko bei ya kikombe cha chai. Ni tone la rangi, hata rangi ya kucha za wanawake yafaa. Mstari mmoja huchorwa kutoka kwenye vali hadi kwenye mtungi, ukiwa umefungwa sawasawa na fundi ajuaye. Mtu akizungusha mtungi na kuona nusu ya mstari imebaki bungeni na nusu imekwenda mrima, ajue kwamba vali inaachana na mtungi. Asimame hapo hapo, asizungushe tena, awaondoe watu mbele na nyuma, na amwite ajuaye kazi. Uwanja usio na mstari huu juu ya mitungi yake hauwezi kusema kwamba ulikosa fedha. Ulikosa kujali.

Njia ya pili ni ya joto, nayo yatuhusu zaidi sisi wakaaji wa nchi za jua kali. Gesi ya kaboni haikai ndani ya mtungi kama hewa. Sehemu yake kubwa hugeuka kuwa maji maji. Katika ubaridi wa nyuzi 20 za sentigredi, presha yake ni ratili zipatazo 830. Lakini ikipita nyuzi 31, maji maji hayo hayawezi tena kuwapo, yote hugeuka gesi, na presha hupanda kwa kasi kadiri mtungi ulivyojazwa. Nyuzi 31 si joto la ajabu kwetu. Ni adhuhuri ya kawaida Mombasa na Dar es Salaam, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita hapo kwa mbali. Kwa sababu hiyo mtungi wa gesi ya kaboni hupimwa kwa mizani wala si kwa geji. Hupimwa ukiwa mtupu, hujazwa, hupimwa tena, na uzito wa gesi usizidi ule uliowekwa na mtengenezaji. Mjazaji asiye na mizani anabahatisha, na aliyebahatisha asubuhi ya ubaridi atakuwa ameweka deni litakalodaiwa na jua la saa nane.

Mtengenezaji aliliona hilo, akaweka katika vali kisahani chembamba cha madini kinachopasuka presha ikizidi, ili gesi itoke kwa tundu dogo kabla mtungi wenyewe haujapasuka. Kisahani hiki ni mlinzi. Kikipasuka kimefanya kazi yake, na sharti kibadilishwe kwa kingine cha kipimo kile kile. Tena kikipasuka kituambie kwamba mahali fulani tumekosea, ama katika mizani ama katika kivuli. Mtu akiona kinamsumbua, akakiziba au akaweka kinene zaidi, amemfunga mlinzi kamba na kumwalika mwizi ndani.

Njia ya tatu ni ya kujaza. Hewa ikisukumwa upesi katika mtungi hupata joto, na mtungi ukijazwa kwa pupa huwaka moto mikononi. Kwa hiyo hujazwa polepole, hasa ule wa nyuzi za kaboni. Kadhalika mafuta na presha kubwa havipatani. Tone la grisi au oili katika mdomo wa kujazia laweza kushika moto hewa inapobanwa kwa ghafla, kama vile dizeli iwakavyo ndani ya injini pasipo kibiriti. Mdomo huo hupanguswa kwa kitambaa kikavu na safi, na kila oringi hupakwa kile tu alichoelekeza mtengenezaji. Hii si kazi ya kitambaa kile kile kilichofutia mnyororo wa baiskeli.

Hapa yafaa tuwaonye ndugu zetu mafundi wa kuchomelea. Katika karakana nyingi uko mtungi mkubwa wa oksijeni. Kijana aliyeishiwa hewa uwanjani aweza kumwendea fundi rafiki yake na kumwomba amjazie mtungi mdogo kutoka ule mkubwa, akisema oksijeni nayo ni hewa. Ndugu fundi, kataa! Oksijeni safi si hewa. Chuma kisichowaka katika hewa chaweza kuwaka katika oksijeni yenye presha, na mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya bunduki ya rangi yatatosha kuanzisha moto. Aliyekuomba hakukutakia mabaya, hajui tu. Nawe ujuaye ukinyamaza kwa kuona haya, huna udhuru.

Njia ya nne ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, maana ni ya kimya kuliko zote. Ni uzee wa mtungi. Kila mara mtungi ujazwapo hutanuka kidogo, na kila mara utumikapo hunywea. Mara elfu na elfu mtungi huvuta pumzi namna hiyo, mpaka madini yachoke. Maji yakiingia, kutu au uozo wa alumini hula ndani kwa ndani. Ukianguka juu ya jiwe, nyuzi za kaboni hukatika chini ya rangi. Kwa nje mtungi wang'aa, umebandikwa picha za fuvu na simba, nao waonekana mpya. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu hauonekani kwa macho.

Kwa sababu hiyo ipo desturi ya kuupima kwa maji. Katika kanuni za Marekani, ambako mitungi mingi ya mchezo huu imetengenezwa, mtungi wa alumini wa ratili 3,000 hurudishwa kwa mkaguzi aliyeidhinishwa kila miaka mitano. Hujazwa maji, kisha husukumiwa presha ya ratili 5,000, na mkaguzi hupima umetanuka kiasi gani. Presha ikiondolewa hupima tena aone umerudi kiasi gani. Mtungi wenye afya hurudi karibu wote. Uliochoka hubaki umetanuka, na sehemu iliyobaki ikipita asilimia 10 ya kutanuka kote, mtungi hukataliwa. Maji yalichaguliwa kwa busara, kwa kuwa hayabaniki kama hewa. Mtungi mbovu ukipasuka ukiwa na maji, hupasuka kwa unyonge. Ukipasuka ukiwa na hewa, hupasuka kwa hasira.

Mtungi ukifaulu, mwezi na mwaka wa kupimwa hugongwa begani, au huandikwa katika karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu ikiwa ni mtungi wa kaboni. Huo wa kaboni, kwa kawaida, huwekewa na ukomo wa maisha, nao ni miaka 15 tangu ulipotengenezwa. Ikifika, hakuna kupima tena. Mtungi huharibiwa ili mtu mwingine asiuokote. Hiyo ndiyo maana ya tarakimu zile ambazo wengi huzidhani ni namba za kiwanda. Ni cheti cha mtungi, na ni haki ya mjazaji kukisoma.

Kama yupo asemaye kwamba mambo haya ni ya vitabuni, na atazame yaliyowapata wazamiaji. Iliyokuwa mitungi yao ya miaka ya nyuma, iliyotengenezwa kwa alumini ya aina iitwayo 6351, iligunduliwa kwamba yaweza kupata nyufa shingoni, polepole, bila dalili ya nje. Baadhi ilipasuka, na mara nyingi ilipasuka ilipokuwa ikijazwa. Serikali ya Marekani ikaagiza mitungi ya aina hiyo ipimwe shingo kwa chombo maalum kila irudipo kukaguliwa. Angalieni neno hilo, ndugu zetu: ilipokuwa ikijazwa. Mwenye mtungi alikuwa wapi? Huenda alikuwa kivulini akingoja. Aliyekuwa karibu na shingo ya mtungi ni mjazaji.

Twajua majibu yatakayotolewa. La kwanza litakuwa la gharama. Tajiri atasema kwamba kupima mitungi ni ghali, na kwamba wakaguzi wako mbali. Twamwuliza: Ulipokadiria kiingilio cha mchezaji, ulihesabu bei ya rangi, bei ya vinyago, kodi ya kiwanja, na hata bei ya soda. Kwa nini ukaguzi wa mtungi peke yake hukuuhesabu? Gharama ile haikupotea. Ilihamishwa tu kutoka daftarini mwako, ikapandikizwa mwilini mwa kijana wa kujaza. Yeye ndiye anayeilipa kila siku kwa kuhatarisha uso na mikono yake, wala hakuna mahali ambapo malipo yake hayo yameandikwa.

La pili litakuwa hili: "Tumejaza mitungi hii miaka mingi na haujapasuka hata mmoja." Jibu hili lafanana na la mtu aliyevuka reli kila siku pasipo kutazama, akasema treni haipo. Mtungi uchokao haupasuki siku ya kwanza. Kila siku iliyopita salama haikuongeza umri wake, iliupunguza.

La tatu litakuwa la kuwalaumu vijana, kwamba ni wazembe na wapenda mzaha. Baadhi ni kweli wako hivyo, nasi hatutawatetea. Lakini mtu akiajiriwa leo asubuhi, akaoneshwa kitufe cha kuwashia kompresa, na adhuhuri akaachwa peke yake, uzembe ulianza kwake au kwa aliyemweka? Hakuna azaliwaye akijua tofauti ya ratili 3,000 na 4,500. Mtungi wa alumini na ule wa kaboni huingia katika mdomo ule ule wa kujazia. Kinachotofautisha ni maarifa ya mtu. Na maarifa hufundishwa.

Basi twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Kinga zote tulizozitaja, yaani mstari wa rangi, mizani, kitambaa safi na tarehe ya begani, hazifai kitu ikiwa mjazaji hana ruhusa ya kusema hapana. Fikirini hali yake. Ni siku ya Jumapili, wachezaji wamejipanga, wana haraka, na mmoja wao amekuja na mtungi wake mwenyewe alioununua mtumba. Kijana ausoma begani na kuona kwamba miaka mitano imepita zamani. Akikataa, mteja atakasirika na kumwendea tajiri. Tajiri akimwambia kijana "jaza tu," tarakimu zote za begani zimekuwa mapambo. Kwa hiyo haki ya kwanza ya usalama katika kazi hii ni haki ya kukataa, tena kukataa pasipo kufukuzwa.

Haki hiyo si zawadi ya kuombwa kwa magoti. Tarehe 22 Juni 1981, siku tano tu kabla ya mchezo ule wa kwanza katika msitu wa Henniker, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliokaa Geneva ulipitisha Mkataba Namba 155 juu ya usalama na afya kazini. Ndani yake imo kanuni kwamba mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya kweli ya kuamini hivyo, alindwe asionewe kwa kitendo hicho. Mwaka 2022 shirika hilo liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema vivyo hivyo: mfanyakazi aarifu msimamizi wake juu ya hatari, na aliyeondoka kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Tanzania nayo ina sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, pamoja na wakala wa serikali wa kuisimamia. Mchezo ni starehe kwa mchezaji. Kwa mjazaji uwanja ule ni mahali pa kazi kama kiwanda cha sabuni au bandari.

Lakini sheria iliyo kabatini haizuii mtungi kupasuka. Hatujasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, ambako gesi ya kupikia ililipuka katikati ya makazi ya watu, wengine wakafa na mamia wakajeruhiwa. Gesi ile si hewa, na ajali ile si ya mchezo. Lakini somo lake latufaa. Baada ya msiba, mamlaka ya nishati ilitangaza kwamba maombi ya kujenga kituo mahali pale yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023. Hapana ilikuwa imeandikwa, na bado gesi ilikuwapo. Hapana ya karatasi haina mikono. Yataka mtu aliye penye vali, naye aungwe mkono.

Twasema basi kwa ufupi. Kila mwenye kiwanja na aandike daftari la mitungi yake yote, namba ya kila mmoja, tarehe ya kupimwa na tarehe ya ukomo, na daftari hilo liwe wazi kwa mjazaji. Mtungi wa mteja usiosomeka tarehe usijazwe, hata mwenyewe awe nani, na amri hiyo iandikwe kwa herufi kubwa mlangoni kwa jina la tajiri, ili kijana asibebe lawama peke yake. Mahali pa kujazia pawe mbali na watazamaji, penye kivuli na kizuizi imara baina ya mtungi na mtu. Asiguse vali yeyote asiyefundishwa. Na wakaguzi wa serikali waendapo kukagua viwanda, wasipite mbele ya viwanja hivi wakidhani humo mna watoto wanacheza.

Na kwenu ninyi vijana mfanyao kazi hii twasema: someni begani mwa mtungi kabla ya kushika mpira wa kujazia. Msione haya kuuliza, wala msijisifu kwamba mmezoea. Mwenzenu akikataa kujaza mtungi mbovu, msiuchukue ninyi mkaujaza ili mpendwe na mteja. Maana siku hiyo mtakuwa mmemwuza mwenzenu na kujiuza wenyewe. Pelekeni jambo kwa chama cha wafanyakazi, kwa umoja, kwa maandishi na kwa adabu. Mmoja akikataa huitwa mkaidi. Wote wakikataa huitwa utaratibu.

Ziko ajali ambazo mwanadamu hana la kufanya mbele yake, nazo twamwachia Mungu. Hii si mojawapo. Ina tarehe, ina kipimo, ina mstari wa rangi, na ina sheria. Kilichobaki ni watu wa kuitii, na tajiri wa kukubali kwamba kijana aliyesema "mtungi huu siujazi" hakumtia hasara, bali amemwokoa.